Uliza Fundi: "Monita pana imewanenepesha wateja wangu wote"

Mwezi huu barua karibu zote ni za kitu kimoja, monita pana. Nadhani ni kwa sababu zile za mraba zinakufa kwa uzee maofisini na madukani, zinazoingia ni pana tupu, afu watu wanakuja kushtukia tofauti wakati hela ishatoka. Nimechagua chache, nyingine zinafanana sana. Na naomba jamani mkiniandikia muweke modeli ya monita, ipo nyuma kwenye kile kistika, maana "ni ya Dell, nyeusi" hainisaidii kitu, karibu zote ni nyeusi.

Shikamoo fundi. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, napiga na picha za pasipoti saizi. Juzi juzi nimetoka kwenye monita ya chogo nikanunua pana ya inchi 22, mtumba. Tangu siku hiyo kila mteja akisogea kuangalia picha yake anauliza mbona amevimba mashavu. Nikawa nazibana kidogo kwenye kompyuta zikae sawa, lakini nikizitoa kwenye printa watu wanatoka wembamba kama wametoka kuumwa, mmoja amegoma kabisa kulipa. Kibovu ni monita au printa? (Mama Steshenari, Morogoro)

Marahaba mama. Hakuna kibovu hapo, na printa ndo mkweli wako pekee humo dukani.

Iko hivi. Ile ya chogo ilikuwa na umbo la 4 kwa 3, yaani kioo kikiwa na upana wa sm 40 basi kimo chake ni sm 30. Hizi pana nyingi ni 16 kwa 9. Kompyuta yako bado inatuma picha ya umbo la zamani, nakisia umeiset nukta (vile vidoa vya mwanga vinavyounda picha) 1024 kwa 768, upana kwa kimo, monita inaipokea, inakuta pembeni kuna nafasi, inaivuta mpaka ijaze kioo. Kimo hakiongezeki ila upana unaongezeka theluthi nzima, kwa hiyo uso wenye sm 3 unauona una sm 4. Hapo hata mgonjwa wa siku saba anaonekana ametoka harusini. Sasa wewe ukiubana uso mpaka macho yako yaridhike, unakuwa umeipunguza picha yenyewe, na printa haijui habari za kioo chako, inatoa ulichoipa.

Kama hujaniamini fungua Paint, chora duara huku umeshikilia Shift, chukua rula upime pale pale kwenye kioo, upana na kimo. Vikitofautiana umepata jibu.

Dawa yake: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi sehemu tupu ya desktopu, ingia Display settings, tafuta Resolution, chagua ile iliyoandikwa Recommended. Kwa inchi 22 za mtumba mara nyingi ni 1920 kwa 1080, au kama ni ya zamani kidogo 1680 kwa 1050. Ukikuta namba hizo hazipo kabisa kwenye orodha usirudi kugombana na aliyekuuzia, mara nyingi ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa cha kutoa picha. Ingia Device Manager, fungua Display adapters, ukikuta pameandikwa Microsoft Basic Display Adapter ujue aliyekupigia Windows aliondoka kabla hajamaliza kazi. Nenda kwenye saiti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, weka modeli, shusha draiva ya grafiksi, washa upya, orodha itafunguka yenyewe.

Na kama mashine ni bibi kizee kiasi kwamba haiwezi, basi tumia batani za monita yenyewe, ingia menyu yake utafute neno Aspect au 4:3, hapo itakuachia weusi kulia na kushoto lakini nyuso zitakaa sawa. Bora weusi pembeni kuliko mashavu.

Yule aliyegoma kulipa mrudie na picha iliyotoka kwenye kamera, sio ile uliyoibana. Umeibana kwa jicho, hata wewe hujui umepunguza kiasi gani, huwezi kuirudisha sawasawa.

Fundi habari. Ofisini tulikuwa na monita za mraba za inchi 19. Zimeondolewa zote, tumeletewa pana, mpya, nazo zinaitwa inchi 19. Kwenye Excel zamani nilikuwa naona mistari mingi, sasa nashinda nasukuma juu chini mpaka kidole kinauma. Bosi anasema inchi ni zile zile nalalamika bure. Nani yuko sawa? (Mhasibu, Mwanza)

Wewe. Kata ukurasa huu umpelekee.

Inchi za kioo zinapimwa kona hadi kona, mshazari, hazikwambii chochote kuhusu kimo. (Na ni inchi, jamani, sio nchi. Nimeona tangazo la "TV nchi 55" nikajua Umoja wa Afrika wenyewe umehamia sebuleni.) Chukua kamba ya mshazari ile ile, ukiilaza zaidi unapata umbo pana lenye kimo kifupi, ukiisimamisha unapata la karibu na mraba, na la karibu na mraba siku zote lina eneo kubwa zaidi. Wanaouza wanalijua hilo vizuri.

Sasa tuweke namba. Monita yenu ya zamani, inchi 19 za 5 kwa 4, ilikuwa na upana wa kama sm 37.6 na kimo sm 30. Hizo mpya zinazoitwa 19 mara nyingi ni 18.5 halisi, upana sm 41, kimo sm 23. Umeongezewa vidole viwili kwa upana, umenyang'anywa sm 7 kwa kimo, weka vidole vyako vinne kwenye kioo uone ni kiasi gani. Na sio sentimita tu, nukta nazo zimepungua. Ile ya zamani ilikuwa na nukta 1280 kwa 1024, hii ukiangalia karibu nina uhakika ni 1366 kwa 768. Nukta 256 za kimo zimeyeyuka. Mstari mmoja wa Excel ukiuacha kama ulivyo, zumu asilimia 100, unakula nukta 20. Piga hesabu, wewe ndo mhasibu: mistari kumi na mbili na ushee imeondoka na ofisi imeilipia.

Kipimo ninachotumia mimi mtu akitaka kubadilisha mraba kwa pana bila kupoteza kimo ni hiki: mraba wa inchi 17 unataka pana ya 22, hata ile ya 21.5 inatosha, mraba wa inchi 19 unataka pana ya 24. Ya 24 ina kimo cha karibu sm 30, sawa kabisa na ile yenu, na upana sm 53. Chini ya hapo umerudi nyuma.

Kwa nini walibadilisha umbo? Kompyuta pana za mwanzo mwanzo zilikuwa 16 kwa 10, umbo zuri tu, mimi bado nalipenda, 1680 kwa 1050, 1920 kwa 1200. Kuanzia 2008 hivi viwanda vikahamia 16 kwa 9 kwa sababu ndo umbo la televisheni, ukikata vioo vya umbo moja kwa ajili ya TV na kompyuta pamoja inatoka rahisi. Kwa hiyo wewe unayepiga mahesabu umekatiwa kioo kwa kipimo cha mtu anayeangalia mpira. Laptopu nyingi za sasa zimeanza kurudi 16 kwa 10, wamekumbuka kwamba watu wanaandika pia.

Mpaka bosi akuelewe, fanya haya: bonyeza Ctrl na F1 pamoja, ule utepe mnene wa juu wa Excel unajikunja unarudishiwa mistari kadhaa hapo hapo. Ile baa ya chini ya Windows iambie ijifiche. Gandisha mstari wa vichwa vya safu kwa Freeze Panes ili ukisukuma usipotee. Zumu ishushe mpaka 85 kama macho yanaruhusu.

Ila upana nao una kazi yake nisiwe mchoyo. Ukipata hiyo 24, karatasi ya A4 ina upana wa sm 21, mbili ni 42, kwa hiyo zinakaa mbili sambamba kwa saizi karibu na halisi na bado pembeni panabaki. Bonyeza kitufe cha Windows na mshale wa kushoto, leja inakaa kushoto, kulia weka taarifa ya benki, unaoanisha mstari kwa mstari bila kufungua na kufunga. Mtu anayefungua kitu kimoja kikajaa kioo kizima cha sm 53 halafu anazungusha shingo kukisoma, huyo amenunua nusu ya monita.

Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu niko Pemba, naandika historia ya ukoo wetu. Kijana wangu yupo Muscat kanitumia monita kubwa ya inchi 27 ya 4K. Maandishi madogo kama chawa. Nikapunguza resolution mpaka yakawa makubwa lakini sasa yamekuwa na ukungu, na hata kabla sijapunguza mshale wa mausi ulikuwa unaburuzika kama umelewa. Miwani nimebadilisha hivi karibuni. (Mwalimu, Chake Chake)

Waalaykum salaam, na shikamoo mwalimu wangu. Kijana amekutumia kitu kizuri, usikirudishe.

Kioo cha namna hii ni kama mkeka, miyaa yake imeshahesabiwa tangu kusukwa. Hicho chako kina nukta 3840 kwa 2160. Ukikiambia kionyeshe 1366 kwa 768 unataka ua moja likae kwenye miyaa miwili na robo tatu na kidogo, haliwezekani, kwa hiyo kinabahatisha na kubahatisha huko ndo huo ukungu. Rudisha resolution kwenye ile ya Recommended, halafu hapo hapo juu yake kuna kitu kinaitwa Scale, ipandishe 150, ikibidi 175. Herufi zitakuwa kubwa na zitabaki kali kama za msahafu mpya.

Huo ulevi wa mshale ni jambo jingine. Nakisia umeunga kwa HDMI na kompyuta yako ni ya miaka kadhaa. HDMI ya zamani, ile 1.4, ikibeba 4K inaonyesha picha 30 tu kwa sekunde badala ya 60, ndo maana mshale unaachwa nyuma na mkono. Chungulia nyuma ya kompyuta kama kuna tundu linalofanana na la HDMI ila kona moja tu imekatwa, hilo ni DisplayPort, nunua kebo yake uunge hapo. Kama halipo, kwa kazi ya kuandika mimi ningeuvumilia mshale nibaki na herufi kali.

La miwani. Kama ni ile ya sehemu mbili, ya kusomea ikiwa chini, utajikuta unainua kidevu kutafuta maandishi na jioni shingo inalia. Watu wote wanaambiwa ukingo wa juu wa monita ulingane na macho, wewe ishushe zaidi ya hapo na uilaze kidogo kwa nyuma. Na wale wanaoweka monita juu ya CPU iliyolazwa, kubwa kama hiyo, wanaangalia dari siku nzima. Isogeze iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, isielekee dirisha wala isilipe mgongo dirisha, iwe ubavuni mwake. Mwanga upunguze mpaka karatasi nyeupe uliyoishika kando ya kioo na ukurasa mtupu wa Word vifanane weupe.

Oya fundi, nina PS5, nataka kuchukua ile monita pana kabisa ya inchi 34 iliyopinda, naona jamaa kwenye video wanacheza inajaa mpaka pembeni. Mshkaji anasema niache. (Dogo wa Tanga)

Mshkaji wako anakupenda. Hao wa kwenye video wanachezea kwenye kompyuta. PS5 haitoi picha ya 21 kwa 9, inatoa 16 kwa 9 basi, kwa hiyo kwenye kioo cha 3440 kwa 1440 utaachiwa ukanda mweusi kulia na kushoto, ukijumlisha ni robo ya kioo, robo umeilipia giza. Au uambie monita ivute, hapo soma jibu la Mama Steshenari hapo juu, Haaland atakuwa mnene kama mwenyekiti wa kijiji.

Inchi 34 za namna hiyo zina kimo cha sm 33 na kidogo, na inchi 27 za kawaida nazo zina kimo hicho hicho. Chukua 27 ya 2560 kwa 1440, PS5 inaikubali tangu maboresho ya Septemba 2022, chenji inunulie pedi ya pili.

Na usione nakukataza kama vile mimi nilizaliwa najua. Mwaka fulani nilimwagiza rafiki anayekwenda Dubai aniletee inchi 29, nina 24 nyumbani nikasema hii si ndo kubwa sasa. Sikuuliza umbo. Imefika nimefungua boksi, pana sm 68, kimo sm 28 na nusu, FUPI kuliko ile niliyokuwa nayo. Mke wangu alipita mlangoni akasimama, akauliza hii mbona imelala. Nilikaa nayo hivyo hivyo, na nikiri kwa kukata video na sauti ilinifaa sana, ule mstari wa klipu unauona wote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuusukuma. Ila kusoma PDF ilikuwa kama kuchungulia kwenye kisanduku cha posta.

Kaka mimi niko chuo Dodoma, room kuna TV ya inchi 32, naweza kuitumia kama monita niachane na kununua? (Mwaka wa Pili)

Kwa muvi sawa. Kwa kusoma inategemea. TV nyingi za 32 zilizoandikwa HD Ready zina nukta 1366 kwa 768 tu, zimetandazwa kwenye kioo kikubwa, ukikaa mezani umbali wa mkono utaziona moja moja kama punje za mchele. Ikiwa Full HD, yaani 1920 kwa 1080, inavumilika, sogea nyuma kidogo.

Halafu utakuta kingo zimekatwa, ile baa ya chini haionekani na alama ya kufunga dirisha imeingia nje ya kioo. Usihangaike na kompyuta, shika rimoti, ingia kwenye saizi ya picha utafute Just Scan, Screen Fit au 1:1, jina linategemea kampuni. Na hiyo HDMI yako kama TV inaruhusu uipe jina la PC, ipe, kwenye nyingine maandishi yanatulia ghafla, ule mng'ao wa rangi kwenye kingo za herufi unaondoka.

Fundi nataka kununua monita pana ya mtumba Kariakoo, inchi 24. Niangalie nini nisipigwe? (Mbagala)

Kwanza usinunue monita iliyokwisha kuwashwa ukaikuta inawaka. Omba wazime, ikae, iwashwe mbele yako. Zile za zamani zenye taa za mirija nyuma ya kioo, sio LED, zikichoka zinawaka na wekundu wekundu au umanjano dakika za mwanzo kisha zinajikaza, sasa ukikuta ishapata moto huwezi kujua.

Mimi huwa natembea na flashi yenye picha tano, nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani, bluu, zimejaa kioo. Kwenye nyeupe unaona nukta zilizokufa na madoa ya kubonyezwa na kidole, kwenye nyeusi unaona zilizoganda zinawaka, na kama taa inavuja pembeni. Nyeusi iangalie duka likiwa na kivuli, mwombe ashushe pazia, atanuna lakini atashusha. Muuzaji anayekuwekea wimbo wa Bongo Fleva wenye rangi zinazorukaruka hakuonyeshi monita, anakuonyesha wimbo.

Chuchumaa. Ndio, chuchumaa kabisa, ukiangalie kioo kutokea chini. Picha ikigeuka negativu, nyeupe kuwa kijivu na uso kuwa mweusi, hiyo ni paneli ya TN, kwa ofisi inatosha, kwa mpiga picha hapana. Ikibaki vile vile unavyozunguka, hiyo inaelekea ni IPS, na kwa bei ikikaribiana chukua hiyo bila kufikiria.

Angalia kistika cha nyuma kwa tochi ya simu, kina modeli na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa, na mstari wa umeme usomeke 100 hadi 240V. Ingiza modeli kwenye simu usome nukta zake, maana kuna inchi 24 za 1920 kwa 1080 na kuna za 1920 kwa 1200, hizi za pili zina kimo zaidi na wauzaji wengi hawajui wanauza zote bei moja, nyamaza kimya ulipe. Gusa batani za menyu zote. Tundu la VGA, lile la waya wa picha wa zamani wenye pini, nalo lichungulie, na pini za waya, pini moja ikipinda rangi moja inakata, ikikosekana bluu kioo kinakuwa cha njano, ikikosekana kijani kinakuwa cha waridi, watu wanasema monita imekufa kumbe ni waya wa kubadilisha. Pini moja ya katikati huwa haipo tangu kiwandani, hiyo usiilalamikie.

Mwisho, chaja. Monita nyingine umeme wake unaingia moja kwa moja kwa ule waya mnene wa kawaida, nyingine zina chaja ya nje kama ya laptopu, na hapa ndo nilipigwa mimi. Dukani ilijaribiwa na chaja yao ikawaka vizuri, wakati wa kufunga kwenye nailoni wakanitilia nyingine. Nyumbani ikawa inawaka sekunde mbili inazima, inawaka inazima, nikaimaliza wiki nzima nikiilaani monita. Kuja kusoma kistika, monita inataka 19V, chaja waliyonipa 12V, kichwa kinaingia bila shida. Kwa hiyo soma namba za monita, soma za chaja, zilingane, na ile chaja iliyofanyia majaribio ndo uondoke nayo, ishike mkononi usiiachie.

Stendi kama haipo punguza bei usikatae, geuza nyuma uone matundu manne ya skrubu, umbali wa sm 10 kutoka tundu hadi tundu, hicho ni kipimo cha kawaida na mkono wa kuifunga ukutani unapatikana.

Za haraka haraka

Aliyeuliza kama monita pana inamaliza uniti: hapana dada, ya LED ya inchi 24 inakula wati 20 hadi 30 hivi. Ukiiwasha saa nane kwa siku, siku 26 za kazi, ni uniti tano na ushee kwa mwezi. Pasi yako ndo umwangalie.

Wa Iringa aliyesafisha kioo kwa sabuni ya madirisha kikapata ramani: hiyo ngozi ya juu inayozuia mng'ao imeliwa, hairudi. Wengine tumieni kitambaa laini cha miwani na maji kidogo, maji yawe kwenye kitambaa sio kwenye kioo, na monita iwe imezimwa.

Wa Kigoma ambaye umeme ukirudi monita inapiga cheche kwenye soketi: nunua ile gadi yenye kuchelewesha, inasubiri umeme utulie ndo iruhusu. Na kuanzia leo umeme ukikatika chomoa, usizime tu kwa batani, ile batani haikati umeme kwenye chaja. Cheche kwenye soketi lakini ni kazi ya fundi umeme, sio yangu, mwite kabla hujachomeka tena.

Na yule aliyeuliza "kioo kilichopinda kinasaidia nini": kwenye 34 kinasaidia, kona zinakuja karibu na jicho. Kwenye 24 kinasaidia muuzaji.